Tumbo la Ukoo

3 Machi

Kwako mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, mashine yangu ya kushona haijambo, mguu wa kulia unauma kama kawaida yake na sijauuliza kwa nini. Natumaini mjomba wako na wifi yangu ni wazima, na binamu yako pia. Wewe sikuulizi kama u mzima, maana najua utanidanganya.

Jumapili kwenye simu ulisema, "Sijambo mama, nakula vizuri." Haya. Jana wifi kanipigia kutaka kushonewa mapazia, na katikati ya vipimo vya madirisha akasema kwamba siku hizi unaacha sahani karibu imejaa, na asubuhi unatapika nyuma ya tangi la maji. Nyuma ya tangi! Kama paka! Mwezi mzima, anasema. Na mimi mama yako naambiwa pamoja na habari za mapazia.

Ndiyo maana nakuandikia. Kwenye simu nikianza kupandisha sauti unasema mtandao mbaya, unakata. Usipokata wewe, mjomba wako anaichukua anisalimie, na ndiyo mwisho wa mazungumzo. Barua huwezi kuikata. Nampa kondakta wa basi la asubuhi, atakupa mkononi, na jibu umpe yeye yeye.

Sasa sikiliza. Hilo ni tumbo la ukoo. Babu yako alikuwa nalo, mjomba wako mkubwa analo, mimi ninalo, mama mdogo wako akila maharage anashinda amejikunja. Sisi ni watu wa vidonda vya tumbo toka enzi na enzi. Nenda hospitali umwambie daktari neno kwa neno: "Ni tumbo la ukoo, upande wa mama." Usikae unang'ata kucha ukisubiri kuulizwa. Nakujua, wewe hata ukiuziwa mkate wenye ukungu unasema asante.

Jibu upesi.

Mama yako


11 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na mguu umepata nafuu. Hapa Mjomba hajambo, anakusalimu sana. Karakana ina kazi mpaka basi, tunatengeneza milango na fremu za shule mpya, na unga wa mbao umetuingia mpaka masikioni.

Nisamehe kwa kukuficha, sikutaka ukose usingizi. Hospitali nimekwenda. Mjomba alinipeleka mwenyewe, akaacha kazi yake. Tulipoingia kwa daktari akanitangulia kuongea, akasema kama ulivyosema wewe, kwamba kwetu ni tumbo la ukoo. Daktari akacheka, akasema hata kwao wanalo. Akaandika dawa za vidonda. Nameza, lakini kwa kweli sioni tofauti. Nikila nusu ya mkate najisikia kama nimemaliza sufuria ya wali. Maumivu yanaanzia juu ya kitovu, yanapita hadi mgongoni, na nikiinama kuokota msumari natamani kulia.

Kuna jambo sikukuambia, na naomba usipige kelele. Kabla tumbo halijaanza, ubao ulinipiga. Nilikuwa nasukuma ubao mnene kwenye msumeno wa mashine, meno yakaung'ang'ania, ukarudi nyuma kwa kasi ukanipata hapa tumboni. Nilikaa chini, pumzi zikakata. Ule msumeno una kinga ya chuma ya kuzuia mambo kama hayo, lakini Mjomba aliitoa zamani kwa sababu mbao nene zilikuwa zinakwama. Sasa hiyo kinga tumeigeuza chombo cha kuwekea misumari. Na hapa tunafundishwa kusimama nyuma ya ubao kabisa, unausukuma kwa kiuno, ndipo mstari unanyooka. Ukisimama pembeni Mjomba anakuuliza kama umekuja kupigwa picha.

Palibaki alama nyeusi, ikaisha. Mjomba alisema alama ikiisha na maumivu yameisha. Akasema pia hospitalini tusiutaje ubao, maana wakaguzi wakisikia watafunga karakana, watu wote wakose kazi. Nami naona si lazima mambo haya mawili yawe na uhusiano. Tafadhali usimwambie kwamba nimekuambia.

Mwanao


13 Machi

Mwanangu,

Salamu nitaziandika mwisho, zikipata nafasi.

Ubao umekupiga tumboni, tumbo linauma, na wewe unaniandikia "si lazima yawe na uhusiano"! Nani anayeongea, wewe au dawa ulizopewa? Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, kisha nikashona mkono wa shati la mtoto wa watu nje ndani.

Tumbo la ukoo linaunguza. Halipiti hadi mgongoni. Halimzuii mtu kuinama. Mimi nimeishi nalo toka usichana, na nikila nashiba kama watu wengine wanavyoshiba. Ungeniambia habari za ubao mapema nisingekutuma ukaseme ule upuuzi. Sasa daktari anamtibu babu yako badala ya kukutibu wewe.

Na huyo mjomba wako! Tumenyonya ziwa moja, lakini leo namwona kama mpita njia. Alama ikiisha maumivu yameisha! Amesomea wapi udaktari, kwenye mbao? Eti alikupeleka mwenyewe, akaacha kazi, na wewe unamsifu. Alikupeleka ili akuzibe mdomo, bwana mkubwa. Mtu hasindikizwi hospitali na mdomo wa mwingine.

Rudi. Nenda peke yako. Sema: nilipigwa na ubao. Ni maneno matatu tu, huhitaji hata kuvuta pumzi.

Nafasi imebaki. Salamu kwa wifi na binamu. Kwa mjomba wako sitoi.

Mama yako


2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Habari za huko? Naandika nimelala kwa ubavu, mwandiko usikushangaze.

Barua yako ilifika, niliisoma nikaificha chini ya godoro. Sikujibu kwa sababu nilikasirika. Ndiyo, hata mimi hukasirika. Ni rahisi kupiga kelele ukiwa huko. Mimi nalala nyumbani kwa Mjomba, nakula mezani kwake, na baba alipofariki ni yeye aliyetubeba, mimi na wewe na hiyo mashine yako, juu ya lori lake la mbao. Unataka niingie kwa daktari nimchongee mtu huyo?

Halafu hiyo "peke yako" unayoisema haipo. Nikitamka tu neno hospitali anavaa shati. Ananipenda, mama. Jioni ananipondea viazi kwa uma wake mwenyewe, ananiambia, "Kula, baba, kula kidogo." Hajawahi kumfanyia hivyo hata binamu.

Hali si nzuri. Suruali naifunga kwa kamba. Nikizidisha vijiko vichache, vyote vinarudi. Hapa juu ya kitovu pamevimba, nikilala chali napaona pamenyanyuka, ukigusa ni pagumu. Dawa za vidonda zimeongezwa, sasa ni za rangi mbili. Kazini nimewekwa kupiga msasa kwa kuwa ni kazi ya kukaa. Kipara, yule fundi wetu wa kupaka vanishi, kaniambia, "Wewe bwana unachongeka kama penseli." Tukacheka wote, kisha nikatoka nje mbio.

Usiniandikie tena mambo ya Mjomba. Andika habari nyingine.

Mwanao


4 Aprili

Mwanangu,

Habari nyingine hakuna.

Alitubeba kwenye lori, kweli, na nimemshukuru mpaka ulimi umeota sugu. Lakini hakutubeba ili aje achague nani aishi na nani afe. Anakupondea viazi! Kuku naye hutupiwa mahindi, na wote tunajua ni kwa nini. Angekupa ruhusa ya kusema kilichokupiga, hivyo viazi ungejipondea mwenyewe.

Mimi nina hasira mpaka meno yanauma. Nina hasira na yeye, nina hasira na yule daktari mcheshi, na leo nina hasira na wewe zaidi ya wote. Unamwonea haya mtu aliyekuambia ufiche maumivu yako mwenyewe. Ukifa kwa ajili ya adabu, nitakuja kaburini nikutukane mbele ya waombolezaji, na unajua kabisa kwamba nitafanya.

Nimemwambia mwalimu mkuu sare zake zitachelewa. Wiki ijayo nakuja. Nikikuta hujasema, nitasema mimi, na nitaanza na mlinzi wa getini.

Mama yako


9 Aprili

Mama,

Shikamoo. Muuguzi amenipa karatasi, naandikia kitandani hospitali kubwa. Usishtuke. Nimezidiwa, lakini nipo.

Juzi nilianguka karibu na meza ya msasa. Mjomba alinibeba mgongoni hadi kwenye gari huku analia. Kweli alikuwa analia, mama, machozi yamechanganyika na unga wa mbao. Njia nzima nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea mwenyewe.

Daktari wa hapa ni mwanamke, bado kijana, si mtu wa maneno. Aliweka mkono pale palipovimba, akauliza, "Ulianguka? Kuna kitu kilikupiga?"

Mjomba akajibu, "Hajapigwa na kitu. Hili ni tumbo la ukoo wetu, daktari."

"Namuuliza yeye."

"Yeye si msemaji. Hapa mimi ndiye mzazi wake."

Nikamtazama. Macho yake bado yalikuwa mekundu. Alikuwa tayari nife, mama, na alikuwa tayari kunilia vizuri kabisa. Hapo ndipo kitu kikanipanda kutoka huko huko tumboni. Nikasema kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua, "Nilipigwa na ubao. Msumeno wake hauna kinga. Na yeye ndiye aliyeniambia nisiseme."

Mjomba alichukua kofia yake iliyokuwa miguuni pangu, akatoka, na hajarudi.

Wamenipiga picha za tumbo. Daktari anasema kuna kiungo nyuma ya tumbo, kongosho, ndicho kilichopasuka siku ile. Maji yake makali yamekuwa yakivuja taratibu na kujikusanya kama mfuko, na mfuko unaliminya tumbo, ndiyo maana chakula hakikai. Kesho watayatoa kwa mpira. Nilimuuliza ingekuwaje kama ningechelewa zaidi. Akasema mfuko ungeweza kupasuka wakati wowote, na huenda wasingeniwahi. Akataka kujua kwa nini muda wote huu nimemeza dawa za vidonda.

Njoo, mama. Njoo na hasira zako zote.

Mwanao


22 Mei

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi za upendo. Natumaini unakula kidogo kidogo kama daktari alivyoagiza. Mshukuru tena Kipara kwa kukupa nafasi chumbani kwake, na umwambie akifua mashati asiyakamue kama anapigana nayo. Siku nilipokuacha ulikuwa umemaliza bakuli zima la supu. Nililia kwenye basi mpaka abiria wakanipa pole ya msiba.

Huku nimekuta moto. Wakaguzi walikwenda karakana, wakafunga mashine siku chache, wakampa mjomba wako onyo. Ameshafungua, hakuna aliyekosa kazi. Lakini amewaambia ndugu wote kwamba ulimwaibisha mbele ya daktari, kwamba ulimfanya muuaji, baada ya yote aliyotutendea. Mjomba wako mkubwa ameitisha kikao cha ukoo Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Wanataka uje uombe radhi.

Nilipigana nao, mwanangu. Unanijua. Lakini mama mdogo wako hapokei tena simu zangu. Tukikutana dukani anageukia rafu za sabuni, anazisoma kama gazeti. Na jana mjomba wako mkubwa alisema mbele ya watu kwamba nikifa wasiitwe. Nilirudi nikakaa kwenye mashine, nikashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Mimi si kijana tena. Nimechoka kuwa peke yangu.

Kwa hiyo nakuomba. Njoo uombe radhi, yaishe. Si lazima umaanishe. Sema ulikosa heshima, upewe mkono, tuendelee kuishi. Wewe unayajua maneno ya upole kuliko mimi. Mfanyie mama yako hili moja.

Mama yako


28 Mei

Mama,

Shikamoo. Nakula vizuri, pale walipotoboa pamefunga, na suruali sasa inakaa bila kamba. Hizo ndizo habari njema, nimezimaliza.

Siombi radhi.

Eti nilikosa heshima! Heshima nilikuwa nayo tele. Niliitapika nyuma ya tangi kila asubuhi ili nisiwasumbue watu ndani. Nilimeza dawa za ugonjwa nisiokuwa nao, nikasema asante. Nilikaa kimya na uvimbe tumboni huku mtu akinipondea viazi. Ni siku moja tu nilipoikosa hiyo heshima, na ndiyo siku niliyopona.

Na wewe, mama! Wewe uliyesema utanitukana kaburini! Maneno yako ndiyo yaliyonipa sauti pale kitandani, halafu leo unaniandikia "si lazima umaanishe". Hayo si maneno yako. Hayo ni yake: tusiutaje, yaishe, tuendelee kuishi. Kama wamekuchosha, sema wamekuchosha. Najua wanavyokutenga na inaniuma mpaka sasa hivi. Njoo huku. Kipara amesogeza kitanda chake, kona ya dirishani inatosha mashine yako. Lakini usinitake mimi niwalipe hao kwa mdomo wangu ili wakurudie.

Sikia na hili, nililoambiwa jana. Kipara bado anafanya kazi pale. Anasema wakaguzi waliporudi kukagua kinga ilikuwa imefungwa mahali pake, inang'aa. Walipoondoka ikafunguliwa, misumari ikarudishwa ndani. Na pale nilipokuwa nasimama mimi, nyuma ya ubao, sasa anasimama binamu. Mtoto wake wa kumzaa, mama! Anasukuma kwa kiuno. Wifi yako hajui, nyumbani anaambiwa kijana yuko ofisini anapokea wateja.

Nikija kuomba radhi nitakuwa nimesema kwamba msumeno ule hauna neno. Siji. Wasomee barua hii, au ichome. Kama wakikuuliza kwa nini mwanao amekuwa mkali, waambie ni wa ukoo wenu, upande wa mama.

Mwanao


7 Juni

Mwanangu,

Salamu. Mguu unauma, mashine nzima, na mimi ni mzima kuliko nilivyokuwa nilipokuandikia mara ya mwisho. Barua ile usiihifadhi. Kipara akiwasha jiko, mpe.

Yako ilinikera. Kwanza nilitaka kupanda basi nije nikuzabe kofi, kuniandikia mimi hivyo. Nikazunguka nayo nyumba nzima nikiijibu kwa sauti, jirani akagonga kuuliza kama nina mgeni. Na kila nilipoijibu nilijikuta nakuunga mkono. Basi jana nikaitia kwenye mkoba, nikaenda kikaoni.

Walikuwepo wote. Mjomba wako kavaa shati jeupe, wifi kakaa kando yake, amepakata mkoba. Mjomba wako mkubwa akauliza, "Mtoto yuko wapi?" Nikasema, "Hakuja. Ameandika." Walifurahi, wakadhani ndiyo radhi yenyewe, mama mdogo wako akanisogezea kiti. Nikavaa miwani, nikasoma. Sikuruka neno, hata yale ya kunisema mimi. Nilipofika kwenye zile dawa mjomba wako mkubwa akasema imetosha. Nikamwambia haijatosha. Mjomba wako akainuka, anatafuta kofia yake. Nikamwambia, "Kaa chini. Sijafika kwa mwanao."

Akakaa, nikasoma ya binamu.

Unamjua wifi, mwanamke asiyepandisha sauti hata sufuria ikiungua. Hakumtazama mumewe wala hakumuuliza. Alifungua mkoba, akatoa simu, akapiga pale pale mbele ya wazee, akaiweka tusikie sote. Binamu alipokea akipiga kelele kushinda mashine.

"Uko wapi?"

"Kazini, mama. Kuna nini?"

"Umesimama wapi hapo kazini?"

"Kwenye msumeno. Baba yuko na wewe? Mwambie milango ile—"

"Zima."

Mjomba wako akasema, "Mama watoto, milango ya shule inasubiriwa, tutaongea nyumbani."

"Zima mashine," wifi akasema kwenye simu. "Toka nyuma ya huo ubao, mwanangu, uzime mashine. Sasa hivi. Nakusikiliza."

Sote tuliusikia ule msumeno unazunguka, na mjomba wako alikuwa ameshika tumbo lake mwenyewe kwa mikono miwili, sidhani kama alijua. Halafu tukausikia unapungua, unapungua, mpaka ukanyamaza.

Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena habari za radhi.

Mama yako